Umeitwa kwa interviu ya kazi kwenye koperative? Jitayarishe mbele

Karibu kila mwaka, mbele mavuno makubwa ya kahawa hayajaanza mwezi wa tatu, koperative za kando ya ziwa Kivu zinabandika matangazo ya kazi kwenye valve za biro zao. Moja inatafuta mtunza feza wa kituo cha kuosha kahawa, ingine inatafuta mpimaji wa matunda, ingine tena gerant ao agronomu wa kuzunguka mashambani. Mishahara si mikubwa. Lakini mshahara wa kila mwezi, kwa jamaa inayoishi na shamba la nusu hektari, unaweza kuwa ndio masomo ya watoto wa nyumba hiyo.

Na karibu kila mwaka ninasikia maneno yale yale: "Kazi ni ya koperative yetu, lakini walikamata mutu wa mujini." Wengine wanasema ni ukabila, wengine wanasema juri lilikula feza. Mara ingine ni kweli, na nitafika kwa jambo hilo chini. Lakini mimi ninayekaa mara kwa mara upande wa pili wa meza ninaona pia jambo lingine. Mtoto wa mwanamemba, anayejua kahawa tangu alipobebwa mgongoni mwa mama yake, anaingia, anakaa, anaulizwa "Jitambulishe", na ananyamaza. Nyuma yake anaingia kijana wa Bukavu ambaye hajachuma hata kikapu kimoja, lakini alitayarisha maneno yake. Juri linaandika pointi juu ya kile linachosikia. Haliwezi kuandika pointi juu ya kile kilichobaki ndani ya kichwa.

Sisi tuliosoma kwenye chuo cha agronomia tulifundishwa magonjwa ya kahawa, udongo, mbolea, hata namna ya kuhesabu mvua. Saa moja tu ya kufundishwa namna ya kuomba kazi haikuwepo. Basi si ajabu kama mkulima naye hajui. Hii njo sababu ya makala hii.

Soma tangazo kama unavyosoma mizani

Kwenye tangazo kuna mambo ya lazima na mambo ya kuongezea. Kama limeandika "awe na diploma ya Serikali", hiyo ni lazima. Kama huna, barua yako itabaki chini ya zingine hata kama ni nzuri. Kama limeandika "kujua ordinatere itakuwa faida", hiyo si lazima. Nimeona watu wengi, zaidi sana wamama, wanaacha kuandika juu ya neno "faida" ambalo walilisoma kama mlango uliofungwa.

Dosie yenyewe inajulikana: barua ya kuomba kazi, CV, kopi ya kadi ya uchaguzi ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, kopi ya diploma, mara ingine kadi ya ONEM. Peleka mbele ya saa iliyoandikwa. Beba kopi ya pili ya barua yako na uombe sekreteri atie tarehe na alama ya kupokea juu yake. Watu wanaona haya kuomba hiyo alama. Siku dosie inapotea, ni hiyo alama tu inayosema kama ulileta.

Kisha fanya kazi moja ambayo watu wa mujini hawafanyi: enda kwenye kituo. Angalia matanki, hesabu meza za kuanikia, salimia walinzi na wamama wanaochambua. Wewe ni mwanamemba ao mtoto wa mwanamemba, na hesabu ya mwaka uliopita ilisomwa kwenye mkutano mkuu. Uliza baba, uliza mama. Koperative iko na memba wangapi? Ilinunua kilo ngapi za matunda? Risturne ilitoka ao haikutoka, na juu ya nini? Mtu anayekuja mbele ya juri na majibu ya maswali hayo amekwisha kupanda nusu ya mlima.

CV ya mtu anayesema hajatumika

Hapa nitakaa kidogo, juu hapa njo wanamemba wengi wanapotea.

Msimu mmoja tulipokea CV ya binti wa mwanamemba. Chini ya neno "Kazi alizofanya" aliandika neno moja: "Hakuna." Tulikuwa karibu kuweka dosie yake pembeni. Mama mmoja wa komite, aliyemjua kwa sura tu, akamuuliza siku ya interviu: "Lakini si weye njo unaandikaka buku ya AVEC yetu ya pale juu?" Kumbe alikuwa mwandishi wa AVEC ya wamama 25 kwa miaka minne. Sanduku la kufuli tatu, buku ya akiba, buku ya mikopo, kila juma. Feza ziligawanywa mwisho wa kila mwaka, mara nne, na hakuna siku hesabu ilikosa. Kwa kazi ya mtunza feza, hicho ni kitu kikubwa kupita diploma nyingi. Lakini kama ule mama hangekuwa pale, hakuna mtu angejua.

Basi, mbele ya kuandika CV, kaa chini na buku na ujiulize: ni feza gani ya watu wengine nimekwisha kushika? Ni vitu gani nimekwisha kupima, kuhesabu, kuandika, kugawanya? Ni watu wangapi nimekwisha kuongoza? Kutunza sanduku la kwaya ni kazi. Kuandika orodha ya wakimbizi siku ya kugawa unga ni kazi. Kufundisha shule ya msingi miaka miwili pasipo kulipwa vizuri ni kazi. Kununua mafuta ya mawese kwa bidon na kuuza kwa chupa, ukijua kila jioni umepata ngapi na umepoteza ngapi, hiyo ni biashara.

Andika na tarakimu. Usiandike "nilisaidia kikundi". Andika hivi: "Mwandishi wa AVEC ya wamama 25, miaka 4. Nilishika buku ya akiba na buku ya mikopo. Feza ziligawanywa mara 4 pasipo upungufu." Kurasa mbili zinatosha kabisa. Majina ya watu wawili wanaoweza kukushuhudia, pamoja na namba za telefone zinazopokea, na uwajulishe mbele kama wanaweza kuitwa.

Usiongeze kitu ambacho hukufanya. Kijana mmoja aliandika "Excel: muzuri sana". Juri likamuwekea ordinatere mbele, likamwomba ajumlishe safu moja ya namba. Alitoa jasho mpaka tukamwonea huruma. Kama angeandika "ninaanza kujifunza", hakuna mtu angemkatalia.

Testi ya kuandika

Kazi nyingi za feza na za kituo ziko na testi mbele ya interviu. Haitakuuliza mambo ya vitabu. Itakuuliza kazi yenyewe. Chukua huu mfano. Bei ni za mfano tu.

Asubuhi umepokea kutoka koperative franka 3 000 000. Umenunua kilo 1 250 za matunda mekundu, kilo moja kwa franka 1 200. Umelipa wachambuzi 12, kila mtu franka 5 000. Jioni unahesabu feza kwenye sanduku: unakuta 1 425 000. Andika hali ya sanduku, na useme utafanya nini.

Hesabu haiko ngumu. Matunda ni 1 500 000, wachambuzi ni 60 000, inapashwa kubaki 1 440 000. Inakosa 15 000. Karibu wote wanafika hapo. Ni swali la pili linalotenganisha watu.

Wengi wanaandika: "Nitalipa na feza yangu." Inaonekana ni jibu la mtu mwaminifu, na wanalitoa kwa moyo mweupe. Lakini juri linaliogopa. Mtu anayeziba shimo la leo na feza ya mfuko wake, kesho atajirudishia kutoka sanduku, na hakuna mtu atajua wapi feza ya koperative inaishia na wapi yake inaanza. Tena kosa lenyewe linabaki limefichwa, litarudi kesho. Wengine wanaandika kama watatia 1 440 000 kwenye buku, kisha watatafuta pole pole. Hao wameandika uongo siku ya kwanza.

Jibu linalopata pointi liko hivi: nahesabu tena feza pamoja na mtu wa pili, nalinganisha fishi za mizani na orodha ya malipo, naandika kwenye buku 1 425 000 kama nilivyohesabu, na mstari chini yake "inakosa 15 000", namjulisha gerant ao prezida jioni ile ile, tunatia sahihi wawili. Msichana mmoja aliongeza kitu ambacho sisi wenyewe hatukukiwaza. Aliandika kama 15 000 ni sawasawa na malipo ya watu watatu, basi ataanza kwa kuuliza kama siku ile walitumika watu 15 na orodha ikaandika 12. Hakusema njo hivyo ilikuwa, alisema atauliza. Hiyo ni akili ya mtunza feza.

Wanaweza pia kukuuliza mambo ya kahawa. Ujue kama kilo tano za matunda mekundu, ao zaidi kidogo, zinatoa karibu kilo moja ya parche kavu. Kwa zile kilo 1 250 unangojea kama 250 za parche, na kama inatoka 190 kuna maswali. Ujue kama matunda yanamenywa siku ile ile yanapochumwa. Ujue kazi ya maji: tunda linaloelea limeoza ndani, ao lilitobolewa na mdudu, ao halikujaa. Ujue kama parche inakaushwa mpaka unyevu wa 11 ao 12 kwa mia, juu ikibaki na maji itaota kuvu ndani ya mfuko. Haya yote mnayaishi. Kazi ni kuyasema kwa mpango.

Mbele ya juri

Vaa nguo safi, si lazima mpya. Kama unatoka mbali na barabara ni mbaya, lala kwa ndugu karibu na biro. Juri halitangojea motari iliyokwama kwenye matope. Zima telefone. Salimia wote kwa heshima yao, Mama Prezida, Papa, Bwana Agronomu, na ukae ukiambiwa ukae. Hiyo inatosha juu ya adabu. Watu wetu wanaijua kupita kiasi, mpaka wengine wanainama na kusema na meza. Angalia mtu anayekuuliza.

Lugha inasumbua wengi. Mara nyingi juri linaanza na Kifaransa kwa kuona. Tayarisha sentensi tano ao sita za Kifaransa zinazosema wewe ni nani na umefanya nini, uzirudilie mpaka zitoke zenyewe. Kisha, kama swali linakuwa nzito, omba: "Mama Prezida, naomba niendelee kwa Kiswahili ili nieleze vizuri." Mimi sijaona juri la koperative linakataa. Mnunuzi wa matunda atasema na wakulima kwa Kiswahili, Kihavu ao Kitembo kila siku. Kifaransa ni cha ripoti. Kifaransa kilichovunjika kwa robo saa kinaficha akili yako yote.

"Jitambulishe" haiko ombi la kusimulia maisha tangu kuzaliwa. Dakika mbili: jina, ulipotoka, masomo, kazi mbili tatu zinazofanana na kazi hii, na kwa nini umekuja. Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu mkali. Wengine wanafanya mazoezi kwa moyo tu, na siku ya interviu wanasikia sauti yao kwa mara ya kwanza.

Wakikuuliza udhaifu wako, usiseme "sina", hakuna atakayeamini. Sema kimoja cha kweli na unachofanya juu yake: "Ninaandika pole pole, kwa hiyo ninaandika fishi palepale mizani inaposimama, singoji jioni."

Lakini swali ninaloliheshimu kupita yote ni lile la jamaa. Kwetu hakuna mtu asiyekuwa na jamaa kwenye mstari wa kuuza. Swali linakuja hivi: "Baba yako mkubwa analeta kilo 60 za matunda, karibu nusu ni mabichi. Watu wanaangalia. Utafanya nini?"

Vijana wengi wanajibu haraka: "Nitamurudisha na mafurushi yake, kazini sina ndugu." Wazee wa komite wanacheka chini kwa chini, juu wanajua kijana huyo jioni atakula kwa yule baba mkubwa. Wengine wanajibu: "Nitamupokelea mara moja, lakini nitamuonya." Hao juri linawaandikia sufuri, na linafanya vizuri. Tunda bichi halimenyeki sawasawa, linatia uchungu ndani ya kikombe, na mnunuzi wa ng'ambo anayeonja mfuko mmoja anapunguza bei ya loti nzima. Kilo 30 za baba mkubwa zinaliwa na memba wote.

Binti mmoja alijibu hivi, nami niliandika maneno yake kwenye buku yangu: "Nitamusalimia kama baba yangu mukubwa, nitamupatia fasi ya kukaa. Kisha nitamwambia, Papa, tuchambue pamoja hapa kwa turubai, mimi na weye. Ile nyekundu napima sasa hivi na nakulipa. Ile mabichi unarudia nayo. Sababu nikikamata yako, ule mama iko nyuma yako ananiangalia, na yeye pia ataleta mabichi kesho." Hakumkosea heshima mzee, hakukosea koperative, na aliona mtu wa tatu ambaye swali halikumtaja. Alipata kazi.

Ukifika mwisho watakuuliza kama una maswali. Usiseme "hapana, asante". Kwa kazi ya feza uliza haya bila haya: nani ana ufunguo wa pili? Nani anatia sahihi buku ya feza kila jioni? Feza za kununua matunda zinatoka mujini namna gani, na kama njiani watu wa bunduki wanazikamata, koperative inafanya nini, ao inamuandikia mbebaji deni? Kwenye barabara zetu hilo swali haliko la kuogopesha watu. Koperative iliyopanga vizuri itakuwa na jibu: feza kidogo kidogo, malipo kwa telefone fasi mtandao unafika, karatasi ya kukabiziana feza. Koperative isiyokuwa na jibu, ujue mbele ya kutia sahihi.

Juu ya mshahara, uliza kwanza watu wanaofanya kazi kama ile kwenye koperative za jirani. Ukiulizwa unataka ngapi, sema kiasi unachoweza kueleza. Kusema "chochote mtakachonipa" haikuongezei pointi yoyote.

Kwa wamama na wasichana

Mtaulizwa mambo ambayo wanaume hawaulizwi: "Bwana yako anakubali? Na ukizaa?" Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka wa 2016 iliondoa ile ya zamani iliyomlazimisha mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake, sasa inasema bwana na bibi wapatane, wote wawili. Basi jibu fupi linatosha: "Tumezungumza nyumbani, tumepatana, na nitakuwa kazini kwa saa zilizoandikwa." Usianze kueleza nani atachunga watoto, hawatamuuliza mwanaume hivyo.

Na jambo zito zaidi. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, wanawake wengi waliambiwa kama watapata kazi wakilala na mtu fulani. Tume huru iliyowekwa na OMS ilitoa ripoti mwezi wa tisa 2021. Ilitaja watu 83 wanaoshitakiwa, na 21 kati yao walikuwa wametumikia OMS yenyewe. Ninaandika hii ili pasiwe mtu wa kusema ni masengenyo ya sokoni. Hakuna interviu inayofanywa usiku, hotelini, ao mtu mmoja na mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Ukiitwa hivyo, usiende. Tunza ujumbe wa telefone, mwambie mtu unayemwamini, na peleka shitaka kwa namba ya mashitaka iliyobandikwa kwenye valve ya koperative ao ya shirika linaloisaidia. Mwenye kosa ni yule aliyeomba, na hata kama ulikwisha kukubali, ungali na haki ya kushitaki.

Kuna pia ile inayoitwa "opération retour": unapata kazi, kisha kila mwezi unarudisha sehemu ya mshahara kwa mtu aliyekuingiza. Wengine wanaiona ni shukrani. Mtunza feza anayerudisha robo ya mshahara wake kila mwezi atatafuta hiyo robo fasi ingine, na fasi iliyo karibu naye ni sanduku lenu.

Kwa ninyi mnaokaa kwenye juri

Makala hii inasomwa pia na memba wa komite. Kama mnataka watu waache kusema mlikula feza, fanyeni mambo yaonekane. Maswali yale yale kwa wote, yaandikwe mbele. Kila mtu wa juri aandike pointi zake peke yake, kisha mjumlishe mbele ya wote. Aliye na mtoto, shemeji ao mdeni kati ya waliokuja, atoke kwa ule mtu, na iandikwe kwenye ripoti kama alitoka. Bandikeni pointi kwenye valve.

Wanamemba wengine wananiuliza: mbona tusikamate watoto wetu tu? Nadhani tukamate watoto wetu pale wanapofaulu, na tuwasaidie wafaulu zaidi. Lakini feza za memba 800 hazikabiziwi mtu juu ya jina la baba yake. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inatenganisha wale wanaochaguliwa na wanamemba na wale wanaoajiriwa kwa kazi ya kila siku. Anayeajiriwa anapashwa kuweza kukemewa na komite. Jaribuni kumkemea mtoto wa prezida.

Nyuma ya interviu

Kama umekamatwa, usianze kazi juu ya mkono tu. Omba kontra ya kuandikwa. Sheria ya kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema wakati wa majaribio lazima uandikwe, na hauwezi kupita miezi sita. Kwa kazi ya mikono isiyodai ujuzi ni mwezi mmoja. Nimekutana na watu walio "kwenye majaribio" mwaka wa pili. Soma mshahara, saa, siku ya kulipwa, nani anakuongoza, kisha tia sahihi na ubaki na kopi yako.

Kama hukukamatwa, ngojea siku chache hasira ipoe, kisha enda biro na adabu uombe kuonyeshwa pointi zako: ni testi iliyokuangusha ao ni mazungumzo? Ile binti aliyeandika "Hakuna" kwenye CV hakuchukuliwa msimu ule. Testi ilimshinda upande wa fishi za mizani, ambazo hakuwa amekwisha kuziona. Alirudi kuuliza, gerant akamwonyesha fishi moja baada ya ingine, akamruhusu kukaa karibu na mpimaji siku sita za mavuno. Mwaka uliofuata aliandika hizo siku sita kwenye CV, chini ya miaka minne ya AVEC, pamoja na kilo alizoona zikipimwa. Leo njo yeye mwenye ufunguo wa kwanza wa sanduku la kituo. Ule wa pili uko kwa mama wa komite.